Moshi Usio na Mlio

Mizani ya Othmani sonara haikumhurumia mtu. Kwa miaka kumi na saba ilikuwa imewaumbua wachimbaji wa Lupa walioleta shaba wakaiita dhahabu, na asubuhi hiyo ya Jumatano, mwezi wa sita mwaka 1957, ilikuwa karibu kumwumbua Sajini Sedekia Kihwele. Sedekia alikuwa askari kanzu kutoka Iringa. Alisimama mbele ya meza ya sonara, mjini Mbeya, akafungua leso iliyokuwa na vipande vitatu vidogo vya risasi vilivyopondeka.

"Vimetoka wapi hivi, Bwana Sajini?" Othmani aliuliza, kidole kimeshatangulia.

"Shingoni mwa mtu."

Othmani alirudisha kidole chake haraka. "Astaghafirullahi! Na wewe unaniletea kwenye mizani ninayopimia pete za maharusi?"

"Daktari ameviosha, mzee wangu. Nataka kujua jambo moja tu. Kipi ni kizito kuliko mwenzake?"

Othmani alinung'unika maneno ambayo hayakuwa dua, kisha akashika vipande kwa koleo. Kimoja huku, kimoja kule. Sindano ya mizani ilicheza kidogo, ikatulia katikati. Akatoa kimoja, akaweka cha tatu. Sindano ikaegemea upande kwa unene wa unywele.

"Hiki kimekwaruzwa ukingo," alisema. "Kimegonga mfupa, bila shaka. Vinginevyo ni sawa kwa sawa. Huyu aliyevikata ana mkono wa fundi."

"Na kama aliyevikata ni mtu wa kijijini, kwa panga, juu ya jiwe?"

"Kwa panga?" Othmani alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Mtu wa panga akikata vitatu, Bwana Sajini, atapata baba, mama na mtoto. Hawa ni mapacha."

Sedekia alikunja leso yake. Mapacha hao walikuwa wanamwambia kwamba amemfunga mtu asiye na kosa.

Kisa chenyewe kilikuwa chepesi, na wepesi wake ndio uliomponza. Jumanne ya tarehe nne, asubuhi ya baridi isiyo na upepo, Liberatus, askari wa wanyama wa serikali, aliuawa kwenye njia ya kijito chini ya shamba la kahawa la Isongwa, katika vilima vya kati ya Mbeya na Mbozi. Mwanamke mmoja aliyekwenda kuteka maji aliona moshi mweupe umelala juu ya matete. Katika vilima vile hata mtoto anayechunga mbuzi anajua kwamba bunduki ya kizungu haitoi moshi wa kuonekana. Moshi unaosimama ni wa gobore. Na gobore upande ule lilikuwa moja tu, la Ezekia, mwindaji aliyewahi kukamatwa na Liberatus mara mbili akiwa na nyama ya mbawala, na aliyeapa kilabuni, mbele ya watu na pombe, kwamba safari ya tatu mmoja wao hatarudi nyumbani.

Sedekia mwenyewe ndiye aliyemtia Ezekia pingu, mbele ya mkewe na watoto wanne. Ijumaa saa mbili asubuhi lori lingemchukua kumpeleka Iringa kumngoja jaji, na kwa kosa lile jaji alikuwa na kamba moja tu ya kutoa.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Sedekia alilimeza bila kulitafuna. Gobore likilia, kunguru huhama wilaya. Asubuhi ile hakuna aliyesikia kitu. Kituoni Isongwa walimwambia ni mashine ya kumenya kahawa, ilikuwa inanguruma. Sedekia akakubali. Alikubali kwa sababu alikuwa amechoka na alitaka kurudi kwake Iringa, na jambo hilo lilimwaibisha sasa kuliko kicheko cha sonara.

Risasi tatu za uzito mmoja zimetoka kiwandani. Na risasi ndogo namna ile, kwa mujibu wa daftari la silaha la wilaya, zilikuwa na bunduki moja tu katika vilima vya Isongwa. Mwenyewe alikuwa Bwana Dalton, mwenye shamba la kahawa.

* * *

"Sajini, mimi naona hii kesi imekwisha," alisema Koplo Yotamu Mwasandube, akikata kona na landrova. "Ijumaa mtu anaondoka. Sasa tunamsumbua mzungu wa watu kwa ajili gani?"

"Nataka kuona bunduki yake tu, Koplo."

"Haya. Kuona hakuna ushuru."

Sedekia alimpenda Koplo Yotamu. Alikuwa Mnyakyusa wa makamo, mwenye utepe wa vita vya Burma kifuani na ufunguo wa stoo ya silaha ya kituo kiunoni, mtu ambaye vijana wa kituo walimwogopa na kumwiga. Usiku ule Sedekia alipofika kutoka Iringa bila blanketi, Koplo alimpa lake, yeye akalala na koti. Mtu akishalala na koti kwa ajili yako, ni vigumu kumtazama kwa jicho la kazi.

Bwana Dalton alikuwa mrefu, mwekundu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamuru wapishi. Hakukasirika walipomwambia shida yao. Badala yake alifurahi, na furaha hiyo ilimtia Sedekia shaka. Mtu mwenye damu mkononi, aliwaza, au hukasirika sana au hufurahi sana.

"Ndiyo, angalia! Bunduki mpya. Mimi nilinunua kwa sababu ya nyani," alisema. "Nyani nasikia mlio, nakimbia, kesho narudi. Hii nyani hapana sikia. Moja nakufa, ingine nakaa, nauliza nini hii!"

Ilikuwa bunduki nyembamba. Ukiipiga mara moja inajikoki yenyewe na kungoja upige tena. Mbele ya mtutu palikuwa na bomba jeusi nene kama muhindi: kiwambo cha sauti. Koplo Yotamu aliinama akaitazama kwa mbali, mikono nyuma.

"Mambo ya Wazungu!" alisema. "Ndiyo kwanza naiona hii."

Waliweka debe kwenye kichuguu, hatua hamsini. Sedekia alitia risasi tatu, akaweka kitako begani, akavuta. Hakukuwa na mlio wa bunduki. Kulikuwa na sauti ya mtu anayepiga chafya chini ya blanketi, halafu debe likalia kwi! Papo hapo kitu cha moto kilimpiga usoni. Alipiga ya pili na ya tatu kwa ukaidi tu, kisha akashusha bunduki, machozi yanamtoka, ulimi una ladha ya baruti na mafuta yaliyoungua.

Alipoweza kuona, aliona moshi. Mweupe, mzito, umetanda mbele ya kifua chake na kuelea polepole juu ya majani. Siku ilikuwa ya baridi na hapakuwa na upepo, kama Jumanne ile.

"Inatema nyuma," alisema akikohoa.

"Ndiyo, ndiyo!" Bwana Dalton alipiga paja. "Hapa mbele iko bomba, moshi hapana pita mzuri. Narudi, natoka hapa." Alionyesha kitundu cha kutemea maganda, kilichokuwa sentimita chache tu kutoka shavu la mpigaji. "Na ndani ya bomba iko mafuta, ile ya mpya. Naungua. Mimi nalia kila siku kama mwanamke na kitunguu!"

Kwa hiyo ilikuwapo bunduki ya kizungu yenye moshi kuliko gobore, na bila mlio. Yule mwanamke wa maji alikuwa amesema kweli tupu, na watu wazima wote, Sedekia akiwa wa kwanza, walikuwa wameutafsiri ukweli wake kwa mazoea yao.

"Koplo," alisema, "piga wewe, mimi nitazame moshi vizuri."

Koplo alisita kidogo, akapokea. Sedekia alimtilia risasi tatu, akasimama pembeni yake. Koplo alisimama sawasawa kama picha ya kitabu cha jeshi. Jicho moja wazi, pumzi imetulia. Ndipo, kabla kidole hakijamaliza kuvuta, akakaza midomo na kufumba macho yote mawili.

Chafya. Akafumbua, akalenga, akafumba. Chafya. Na ya tatu vilevile. Hakukohoa, na hata tone la chozi halikumtoka.

Sedekia alichomoa magazini, kile kisanduku cha risasi, akahakikisha hakuna risasi iliyobaki ndani, akaitia magazini mfukoni mwake kama kanuni inavyotaka kwa kielelezo. Bunduki akampa Koplo aipeleke garini. Alimtazama mgongo akienda, mgongo wa mtu aliyempa blanketi, na akaanza kujitafutia sababu. Labda ni uzee. Labda macho yanamwuma.

"Sajini," Bwana Dalton alisema, "wewe nasoma Kiingereza?"

"Nasoma, bwana."

"Basi soma. Huyu mwizi wa Iringa nanitukana." Akamtolea barua mfukoni. "Mimi nilimwandikia: wewe naniuzia bunduki ya zamani! Mimi nafungua sanduku, mtutu safi, safi kabisa, lakini tumbo yake chafu, masizi kama sufuria. Na boksi ya risasi imefunguliwa, tatu hapana."

Barua ilitoka kwa muuza bunduki wa Iringa, na kweli alikuwa amekasirika. Aliandika kwamba bunduki ile ilitoka dukani kwake haijapigwa hata mara moja, na risasi zikiwa na lakiri yake. Aliipeleka polisi Isongwa kuandikishwa, kama sheria inavyodai, na polisi waliipokea kwa sahihi Jumamosi, tarehe mosi Juni. Kama kuna uchafu, bwana mheshimiwa auulize mlango mwingine.

"Bwana uliichukua lini kituoni?"

"Alhamisi. Tarehe sita."

Sedekia alihesabu kwa vidole vya mkono ulio mfukoni. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Siku Liberatus alipokufa, bunduki hii ilikuwa ndani ya stoo ya polisi. Inspekta wa Kizungu alikuwa Mbeya wiki nzima. Ufunguo ulibaki kwa mtu mmoja.

Na mtutu ulikuwa safi. Mtu aliyeisafisha alikuwa amefundishwa kusafisha bunduki za vita, ambazo uchafu wake hukaa kwenye mtutu. Hakujua kwamba hii hujaza masizi tumboni. Sedekia alikunja barua akaiomba. Ndani ya mfuko huohuo palikuwa na barua nyingine, aliyopewa na Lea, mjane wa Liberatus, siku ya mazishi kule Tosamaganga. Marehemu alimwandikia mkewe siku tatu kabla ya kufa: *Nina kitu cha kuwapelekea polisi, na polisi hawatakipenda.* Sedekia alidhani ni habari za Ezekia na nyama. Sasa alijiuliza polisi gani asingependa habari za Ezekia na nyama.

Wazee husema kikulacho ki nguoni mwako. Sedekia alikuwa amelala siku tatu na blanketi la Koplo.

* * *

Bado hakuwa na shahidi. Hakimu asingemfungua Ezekia kwa sababu ya macho yaliyofumbwa. Alimwambia Koplo wapitie kwenye meza za kuanikia kahawa, alikokuwa akifanya kazi Tusekile, yule mwanamke wa maji.

"Ya nini tena?" Koplo aliuliza, mikono juu ya usukani. "Maelezo yake yako kwenye faili. Ameona moshi, ameona kofia ya ngozi ya Ezekia. Nimeyaandika mwenyewe."

"Dakika tano tu."

Wanawake kama ishirini walikuwa wakichambua kahawa juani. Landrova iliposimama, mmoja wao, mwembamba, wa miaka ishirini hivi, aliinua kichwa. Papo hapo akavuta kanga mpaka usoni, akageuka, akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji. Ndio hawa, Sedekia aliwaza, wanaoogopa polisi kuliko chui. Lakini alipomgeukia Koplo, alimkuta naye ametazama upande wa pili, anaukodolea macho mlima wa Mbeya kama mtu ambaye hajawahi kuuona.

"Nenda wewe, Sajini," alisema bila kugeuka. "Mimi nakungoja hapa hapa garini. Huyo Kiswahili chake kidogo, kamwite Mama Yudith akusaidie."

Mama Yudith alikuwa mnyapara wa meza zile, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele ya kanisa. Alimfuata Sedekia nyuma ya tangi. Tusekile alishusha kanga yake alipoona gari halionekani tena, akapiga goti kidogo kusalimu. Uso wake haukuwa na woga wowote. Alimtazama askari kanzu machoni, na jambo hilo lilimshangaza Sedekia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Niambie ile asubuhi ya moshi. Usiogope."

Tusekile alisema kwa Kinyakyusa, Mama Yudith akaleta kwa Kiswahili chake. "Anasema alienda maji mapema. Akasikia kitu kama mtu anapiga chafya. Tatu. Akasema, nani huyo ana mafua? Halafu akaona moshi mweupe juu ya matete, na harufu yake mbaya, kama mafuta inaungua. Halafu mtu akatoka kwenye moshi, anakuja kwa hii njia."

"Mtu gani?"

Mama Yudith aliuliza. Tusekile alitazama chini.

"Anasema aliingia kwenye majani, akageuza mgongo, akajifunika mpaka miguu ikapita."

"Aliogopa bunduki?"

Safari hii Tusekile alijibu mwenyewe. "Sikujua kama ni bunduki."

"Sasa kwa nini ulijificha?"

Mama Yudith alimtazama Tusekile, Tusekile akamtazama Mama Yudith, na sauti ya kengele ikashuka ghafla mpaka ikawa ya kunong'ona. "Yesu wangu! Mtoto wewe."

"Nini, mama?"

"Wewe baba ni Mhehe, utajua wapi." Mama Yudith alijifuta mikono kwenye nguo yake, akachukua muda. "Kwetu mwanamke akishaolewa, baba mkwe hamwoni. Anamheshimu. Hawezi kukaa naye nyumba moja, hawezi kupita naye njia moja, jina lake hawezi kulitaja mpaka kufa. Akimwona mbele anaingia majani, anageuza mgongo. Na mkwe naye hatazami. Anapita. Ndiyo adabu yetu. Kwa sababu ya bunduki, mwanamke anakimbia, anapiga kelele. Kuingia majani na kunyamaza, hiyo ni mkwe tu."

Upande wa pili wa tangi la maji kulikuwa na landrova, na ndani yake kulikuwa na mtu aliyekuwa akitazama mlima.

Alitoa faili kwenye mkoba wa begani, akafungua ukurasa wa maelezo. Chini yake, kwa mwandiko mzuri uliolala, palikuwa pameandikwa: *Ameeleza haya yote akiwa amesimama mbele yangu, Koplo Y. Mwasandube.*

"Tusekile, maelezo yako yaliandikwa na nani?"

"Yule askari kijana. Wa Njombe."

"Siyo Koplo?"

Mama Yudith hakungoja tafsiri. "Asimame mbele yake aongee naye? Baba, wewe unataka huyu mtoto afe?"

"Kofia ya ngozi uliiona?"

"Kofia gani?" aliuliza Tusekile.

Basi. Kofia ilikuwa imeongezwa baadaye, na aliyeiongeza alijua kwamba yule aliyewekewa maneno hayo mdomoni hatakuja mbele yake kuyakana. Sedekia aliona hasira ikimpanda, na nyuma ya hasira huzuni. Akachuchumaa ili asimsemeshe kwa juu.

"Mumeo yuko wapi?"

"Johanesi. Migodini."

"Nikikuuliza nawe ukanijibu, utabaki na nyumba ya mumeo?"

Tusekile alielewa. Kahawa zilichakarika mezani upande wa pili, kisha akauliza kitu kwa Kinyakyusa.

"Anauliza," alisema Mama Yudith, "Ezekia wananyonga kweli?"

"Ijumaa anapelekwa Iringa. Sijui kama atarudi."

"Jina siwezi," Tusekile alisema kwa Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno. "Jina siwezi, baba. Hata kwa jaji."

"Sitaki jina. Naomba uniambie hesabu tu. Hapa Isongwa, kwenye vilima hivi vyote, ni wanaume wangapi wanaokufanya uingie majani?"

"Ndugu za mkwe wote wako Tukuyu," Mama Yudith alinong'ona, lakini Sedekia alimwinulia mkono anyamaze.

Tusekile alivuta kanga mpaka kwenye paji la uso. Aligeuka, akampa Sedekia mgongo. Halafu, mkono ukiwa nyuma kama mtu anayeficha kitu, alinyoosha kidole kimoja.

* * *

Koplo Yotamu alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, bunduki imelala magotini, kitambaa mkononi.

"Nimekusafishia," alisema. "Ilikuwa chafu."

"Umesafisha na tumbo leo?"

Kitambaa kilisimama. Sedekia hakupanda gari. Alibaki upande wa mlango, mkono kwenye kishikizo.

"Koplo, Burma ulikuwa unafumba macho ukipiga?"

Koplo alicheka kidogo. "Waliofumba macho Burma hawakurudi."

"Leo umefumba. Mara tatu."

"Moshi wake unawasha, Sajini. Wewe mwenyewe umelia."

"Mimi nililia kwa sababu sikujua. Wewe ulifumba kabla ya kupiga, na ulisema ndiyo kwanza unaiona."

Mkono wa Koplo ulisogea polepole kuelekea tumbo la bunduki. Sedekia akagonga mfuko wake, na magazini ikalia dhidi ya funguo. "Iko huku," alisema. "Tulia, mzee."

Koplo aliweka bunduki kwenye kiti cha pembeni, kwa uangalifu, kama mtu anayelaza mtoto. Hakutazama tangi la maji.

"Liberatus alileta nini kituoni, Jumamosi ile?"

"Maganda," Koplo alijibu. "Kumi na moja, kwenye leso. Aliyaokota Usangu kando ya mizoga ya tembo. Yana alama ya serikali kwenye kitako. Akaniletea mimi, mtunza stoo, akidhani nitashangaa pamoja naye."

"Ulikuwa unawakodishia majangili bunduki za polisi."

"Alisema Jumanne atakwenda mwenyewe Mbeya kwa Inspekta. Nilijua atapita njia ya kijito." Alikunja kitambaa mara nne, pembe juu ya pembe. "Bunduki za kituo zingesikika. Na hii ilikuwa pale, imefika tu, na karatasi yake inaeleza kwamba haisikiki. Karatasi haikusema kitu juu ya moshi."

"Na Ezekia?"

"Ezekia alijiapiza mwenyewe."

Sedekia alimfungulia mlango. Koplo hakushuka. Sasa ndipo alipomgeukia, na machoni mwake mlikuwa na kitu kama dharau.

"Haya umeyajua wewe. Nani atasimama mahakamani? Yule mtoto hawezi kunitaja. Hata jaji akimwamuru, hata wakimfunga."

"Hakukutaja. Nilimwuliza ni wangapi, akanyoosha kidole."

Upepo mdogo ulikuwa umeanza kushuka kutoka mlimani.

"Nilimwona," Koplo alisema. "Kanga yake kwenye majani, karibu kama hapa na pale. Nilikuwa na risasi nyingine bado, zile nilizozirudisha baadaye kwenye boksi."

"Kwa nini hukupiga?"

Koplo alimtazama kama mtu aliyeulizwa na mtoto kwa nini watu hula kwa mkono wa kulia. "Ni mkaza mwanangu," alisema. "Nikageuza uso, nikapita."

Pingu zilikuwa zilezile alizofungwa Ezekia. Sedekia alizifunga, akazikaza. Alimpandisha Koplo nyuma, akamfunga kwenye chuma cha benchi, akachukua usukani. Ijumaa lori litaondoka kwenda Iringa saa mbili kama ilivyopangwa, na Ezekia hatakuwemo. Hilo alilishika kichwani alipowasha gari, kwa sababu mengine yote yalikuwa yanamwuma.

Njia ilikuwa moja tu, ikipita katikati ya meza za kahawa. Wanawake walisimama kutazama. Walimwona Koplo wa Burma na pingu mikononi, na hakuna aliyepiga kigelegele wala kusonya. Mbele, kando ya njia, Tusekile alikuwa anarudi mezani na ungo kichwani. Alisikia gari, akageuka, akaona aliyemo.

Aliweka ungo chini. Akaingia kwenye majani, akavuta kanga usoni, akageuza mgongo.

Sedekia alitazama kioo cha gari. Nyuma yake, mikono imefungwa kwenye chuma, Koplo Yotamu alikuwa ameinamisha kichwa na kuugeuzia uso wake upande wa mlima, na hakuurudisha mpaka walipokwisha kumpita.